Mwembe wa Mhoja Haukukatwa

Mwembe haukukatwa. Asiyeamini na apande bodaboda mpaka Itetemia, nyumbani kwa ukoo wa Mhoja. Atauona umesimama kando ya njia ya zamani, shina lake watu wawili hawalikumbatii, na kama ni msimu wake, aokote embe ale bila kumwomba mtu ruhusa. Haukukatwa, haukuuzwa kwa mtu wa mbao, na Mwalimu Consolatha hakupigwa na mawifi zake. Mambo hayo yote yamesemwa mtaani Gongoni, kwenye bomba la maji, saluni, hata kwenye ngazi za kanisa baada ya misa ya pili, na wasemaji wengine ni watu waliokwisha kula wali wake. Ukweli ni mfupi kuliko umbea, na una adabu zaidi.

Consolatha alifundisha bayolojia sekondari tangu ujana wake mpaka kustaafu. Mumewe, Hilari Mhoja, alikuwa bwana miti wa serikali. Alipostaafu naye, wakafungua kitalu cha miche kwenye kiwanja chao kando ya barabara inayotoka mjini, na Hilari akaandika kibao cha langoni kwa mkono wake, herufi kubwa za kijani: KITALU CHA MHOJA. Hilari alipofariki, baadhi ya waliokuja kuzika walikitazama kiwanja kuliko walivyolitazama jeneza. Mdogo wake, Octavian, alisema pale pangefaa kuoshea magari. Mwingine akaona baa. Consolatha aliwasikia wote. Matanga yalipoanuliwa tu, wapita njia walimwona amejifunga kanga kiunoni, keni la kumwagilia mkononi.

Wengi walidhani ni majonzi, kwamba yatapita na kitalu kitakufa. Hawakumjua. Jambo la kwanza alilofanya ni kupangua mpango wa marehemu. Hilari alikuwa amepanga miche kwa ukoo wa miti, kama ofisini kwake. Consolatha alisema watu wa mjini hawaji kununua mti, wanakuja na shida, basi miche ipangwe kwa shida zao. Kukawa na safu ya wenye ua mdogo. Kukawa na safu ya wenye jirani mfuga mbuzi, miti ambayo mbuzi huinusa akaenda zake. Kukawa na safu ya wapangaji, na hii ndiyo iliyomletea watu wengi: ndimu, mchaichai, mapilipili na maua, vyote ndani ya madebe na ndoo zilizotoboka, maana mpangaji akiambiwa hama leo, anahama na ndimu yake. Hakuna aliyewahi kuwakumbuka wapangaji. Makopo makubwa ya maua akayakodisha kwa harusi na komunyo ya kwanza, yakirudi Jumatatu.

Halafu akatangaza kwamba mche ukifa msimu wa kwanza, mtu alete kijiti chake apewe mwingine bure. Walimcheka. Lakini kila aliyeleta kijiti alihojiwa kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umekufa wenyewe tu, Mwalimu," alisema bwana mmoja.

"Mti haufi wenyewe, baba. Mbuzi wa nani?"

Bwana akakuna kichwa. "Wangu."

Akaondoka na mche mpya, na vilevile akanunua kizimba cha fito cha kuukinga. Hivyo ndivyo kitalu kilivyosimama. Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na darasa pia, mabenchi na chai ya tangawizi, na anayetaka kujifunza kupanda, kupogoa au kubebesha alikuja. Kubebesha ni kuchukua kikonyo, yaani kijiti cha mti mzuri, na kukiunga juu ya mche wa kienyeji, ili mizizi iwe ya huku na matunda ya kule. Darasa hilo ndilo lililozaa maneno.

Ukoo wa Mhoja ni ukoo wa wapagazi, na hawalionei haya jambo hilo. Mhoja wa kwanza alipanda na kushuka na misafara kati ya Unyanyembe na pwani, pembe za ndovu begani. Safari moja akirudi aliugua, msafara ukamwacha njiani, na mama asiyemjua akamlisha maembe mpaka akapata nguvu za kusimama. Kokwa moja akalifunga kwenye pindo la shuka, akaja kulipanda Itetemia, pale wapagazi walipotua mizigo. Akaacha neno moja: embe la mti huu haliuzwi. Limeshikwa mpaka leo. Miaka ya njaa, mama yake Hilari alikuwa akienda sokoni na tenga la viazi, anayaruka maembe yaliyoanguka njiani, hachukui hata moja la kuuza. Na kila bibi arusi anayeingia katika ukoo huo hupelekwa kwanza mtini, alitamke neno hilo kwa kinywa chake. Consolatha alilitamka akiwa na gauni jeupe, viatu mkononi, maana kulikuwa na matope.

Basi mwaka jana, kabla ya mvua, aliona matawi ya juu ya mti yameanza kukauka. Akahofia. Akakata vikonyo kwenye matawi yaliyo hai, akavibebesha kitaluni, na karibu vyote vikashika. Miche ikachipua majani mekundu laini. Akaipanga mbele, langoni, akaiwekea kibao chake, Mwembe wa Mpagazi, na bei. Aliona hajavunja neno la ukoo. Embe ndilo lililokatazwa, na hakuna aliyewahi kusema lolote kuhusu vijiti.

Jumamosi ile akafundisha kama kawaida.

"Ukipanda kokwa unapata mtoto," alisema, "na mtoto anaweza akafanana na jirani."

Mabenchi yakacheka.

"Lakini mche uliobebeshwa si mtoto. Ni mti uleule, umehama tu."

Zamda, mama muuza vitumbua wa Gongoni, alikuwa benchi la mbele, kikombe mkononi. "Kwa hiyo, Mwalimu, huu hapa ni mwembe wa Itetemia wenyewe?"

"Wenyewe."

Zamda akamaliza chai yake, akaaga. Kufikia jioni mwembe wa Mhoja ulikuwa unauzwa. Kufikia Jumatatu ulikuwa umekwisha kukatwa.

Jumatatu hiyohiyo alikuja Idrisa, mwenye nyumba ya wageni kwenye barabara ya Urambo. Aliizunguka ile miche kama anayechagua ng'ombe. "Naichukua yote, Mwalimu. Nitaipanga uani ndani, niandike na historia yake. Wageni wanapenda historia. Jumatano naleta gari."

Consolatha alitazama kisima chake, ambacho wakati huo kilikuwa kinatoa tope kuliko maji, akaona kwa jicho la moyo tangi jipya, la pesa za Idrisa, limekwisha simama pale kwenye kona. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana.

Jumanne akaja Flavia, dada yake Hilari. Flavia alikuwa muuguzi mkuu kabla ya kustaafu, na mpaka leo akiingia mahali watu hukaa wima.

"Mwangaluka, wifi."

"Mwangaluka. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kumwamkia babu. Nasikia siku hizi anaishi kwenye kiriba cha plastiki, kama mchicha."

"Wifi, kinachokatazwa kuuzwa ni embe. Huu ni mche."

"Mche wa nini?"

"Wa mwembe."

"Mwembe upi?"

Consolatha akainama kung'oa gugu kwenye mche.

"Zamda amenieleza ulivyofundisha," Flavia akaendelea. "Ulisema si mtoto, ni uleule. Au Jumamosi unawafundisha watu uongo?"

"Sifundishi uongo."

"Basi. Babu alibebeshwa mizigo ya watu maisha yake yote, na leo mkwe wake anambebesha tena, na bei juu." Akaelekeza kidole langoni. "Jumapili ukoo unakaa kwa baba mdogo Raymundi. Kibao kile cha Mhoja kitashushwa. Miche utauza, nani atakukataza? Lakini uiuze kwa jina la baba yako."

Akaondoka bila kunywa maji.

Hapo ndipo palipouma. Kiwanja kilikuwa chake kwa hati na miche ilikuwa yake. Lakini lile jina juu ya lango ndilo alilopewa siku ile ya matope, akalibeba darasani, akawapa watoto wake, akalisimamia kaburini. Ukoo ukilichukua, mji mzima ungesoma pengo lile kila siku na kujaza wenyewe sababu. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi wake mchana kutwa, akilirudia somo lake mwenyewe, akitafuta lilipokosewa. Halikuwa limekosewa. Mti uleule. Na kama ni mti uleule, neno nalo ni lilelile, haliwezi kubaki Itetemia huku mti umehama.

Jumatano Idrisa akaja na gari.

"Haiuzwi," Consolatha alimwambia.

"Niongeze kidogo?"

"Haiuzwi."

"Mwalimu, unataka nipige magoti?"

"Piga, utachafua suruali bure. Ukitaka mmoja, nakupa. Utaupanda nje ya ukuta, upande wa barabara, na maembe yake ni ya mpita njia."

"Nje ya ukuta! Sasa mimi nafaidi nini?"

"Kivuli."

Idrisa akaligeuza gari kwa hasira, likatimua vumbi juu ya safu ya wapangaji, na tangi likaondoka naye.

Jumapili, sebuleni kwa Raymundi, viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma na hakuna aliyeviegemea. Raymundi alifungua kwa sala, kisha akauliza chai iko wapi. Flavia alieleza shauri lake bila kupunguza wala kuongeza, na Consolatha alilishukuru hilo moyoni. Ndipo Octavian, aliyekuwa na haraka, akaona njia ya mkato.

"Shemeji, mbona jambo dogo? Sema tu. Marehemu alijua kabla hajafa? Alikuruhusu?"

Kila mtu pale alijua kwamba ndiyo moja ingemaliza maneno, maana hakuna anayegombana na kaburi. Consolatha naye alijua.

"Aliyoniambia mume wangu kitandani pake ni yangu," alisema. "Simleti hapa awe shahidi wangu. Aliyekata vikonyo ni mimi. Aliyebebesha ni mimi. Aliyeandika bei ni mimi. Niulizeni mimi."

"Haya, tunakuuliza wewe," alisema Flavia.

"Ni mti uleule. Kwa hiyo haiuzwi, na Idrisa nimekwisha mrudisha na gari tupu. Ila siing'oi. Mti wenu unakauka juu, na Itetemia siku hizi wapita njia wengi wanapita kwenye lami, hawapiti pale. Nitaipeleka waliko. Zahanati, shuleni, msikitini, vituo vya kununulia tumbaku, popote watu wanapotua mizigo. Atakayepewa atalitamka neno kwanza, kama tulivyolitamka sisi wake zenu. Na jina la Mhoja litabaki langoni, maana bila jina hilo nani atajua neno ni la nani?"

"Na wakiuza maembe huko mbali, utawazuia wewe?" Octavian akauliza.

"Na sisi hapa, shemeji, nani ametuzuia?"

Octavian akageukia chai, iliyokuwa imefika. Flavia alizungusha kijiko kikombeni muda mrefu, ingawa hatumii sukari.

"Kibao kibaki," akasema hatimaye. "Lakini rangi imechujuka mpaka inatia aibu. Kakipake upya, wifi. Kijani kilekile."

Hayo ndiyo yaliyotokea.

Mvua ziliponyesha, miche ikaanza safari. Mmoja ulikwenda zahanati, mmoja kwenye kituo cha tumbaku Urambo, mmoja ulifungwa nyuma ya pikipiki mpaka Usinge. Kila mchukuaji alisimama langoni akalitamka neno, wengine kwa kucheka, wengine kwa sauti ya kanisani. Waliofuata mche wa bure hawakutoka mikono mitupu, walitoka na ndimu, na maua, na vizimba vya fito, na kabla mvua hazijakatika tangi lilisimama kwenye kona. Idrisa alirudi siku moja kwa miguu, akalitamka neno huku akitazama viatu vyake. Mche wake upo nje ya ukuta, upande wa barabara.

Wa mwisho kuja alikuwa Zamda. Alikuwa akitaka mmoja aupande karibu na meza yake ya vitumbua.

"Mwalimu," alisema, akiushika mche kwenye kiriba, "watu wanasema ulifanya yote haya kuvuta wateja."

"Watu wanasema."

"Wengine wanasema marehemu ndiye aliyekutuma. Kwani alikuambiaje, maskini?"

"Litamke neno."

"Embe la mti huu haliuzwi."

"Vizuri. Chukua mche wako."

"Nakwenda, nakwenda. Lakini marehemu, pale kitandani..."

"Zamda, sisemi. Sikusema mbele ya ukoo, sisemi mbele ya vitumbua. Funga lango ukitoka, mbuzi wasiingie."