Sugu za Mkono wa Kushoto

Asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema, nyinyi mliokaa kwenye benchi la kliniki mkificha mikono ndani ya kanga na makoti. Na mimi niliuficha wangu.

Nilikuwa mpiga gitaa la solo kwenye bendi ya jazi hapa Musoma. Tulipiga Bunda, tulipiga kwenye harusi za Butiama, na wachimbaji wa Buhemba wakipata dhahabu walituita tukapiga mpaka mashati yakalowa. Sikujua kazi nyingine, na sikutaka kuijua.

Mpiga gitaa tulimpima kwa sugu. Mgeni akija kwenye bendi, wakubwa walimshika vidole vya kushoto na kuvibonyeza kwa kucha. Akikunja uso, huyo bado. Basi kidole changu cha pete na kile kidogo vilipoanza kufa ganzi, nilifurahi! Niliwapa wenzangu sindano wanichome, nao wakacheka: "Huyu ana vidole vya chuma." Karibu na kiwiko nilikuwa na baka lililopauka, lisilotoa jasho. Nikalipaka dawa ya fangasi, nikaendelea na dansi.

Aliyeshtuka kwanza ni mke wangu, Mama Bhoke. Asubuhi moja, nyumbani kwetu Nyasho, nilikuwa nimeshika sufuria ya uji huku napiga soga.

"Baba Bhoke, mbona kunanuka nyama ya kuungua?"

Nikatazama. Ngozi ya kidole ilikuwa imebaki kwenye sufuria. Nikamwambia ni sugu tu.

Jumapili iliyofuata tulipiga Bunda, alasiri. Nilikuwa katikati ya solo ndefu, watu wakawa wanapiga kelele na kunyoosha mikono. Nikadhani wananishangilia, nikaongeza madoido. Mwimbaji wetu akanirukia, akazishika nyuzi.

"Acha, kaka! Damu yote hiyo hauioni?"

Gitaa lilikuwa jekundu. Uzi ulikuwa umekata kidole hadi mfupa unaonekana, na mimi nilikuwa natabasamu. Siku hiyo ndipo nilipoogopa.

Kidonda kilioza, kikatoa usaha, kikanuka hadi nikajichukia. Vidole viwili vikajikunja kama vya kuku aliyechinjwa. Hospitali, daktari, dada mmoja mpole, alichukua kipande cha pamba.

"Funga macho, baba. Nikikugusa, sema."

Nikanyamaza, nikingoja aanze. Kumbe alikuwa ameshamaliza.

"Ni ukoma," akasema. "Unatibika, na dawa ni bure. Ila mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa siwezi kuirudisha."

Nilikwenda Kitaji kumwambia kaka yangu. Chakula kilipoletwa, changu kiliwekwa peke yake kwenye sahani ya plastiki, karibu na mlango. "Si kwa ubaya, mdogo wangu," akasema bila kunitazama. Bendi nayo ikatafuta mpiga solo mwingine. Nililia, sioni haya kusema.

Nyumbani, Mama Bhoke alisonga ugali, akauweka katikati, na bakuli moja la dagaa. Mimi sikunyoosha mkono. Yeye akamega, akachovya, akaniangalia.

"Si tulikuwaga tunakula hivi? Kula, dagaa zinapoa."

Nilimeza dawa. Mkojo ukawa mwekundu, ngozi ikaingia weusi, tumbo likanisokota. Kidole cha pete kilikatwa kwenye kiungo. Lakini nilimaliza dozi, na daktari akaniambia ugonjwa umekwisha mwilini. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu.

Ndugu zangu, mkiona baka lisilohisi, msilipake mafuta mkanyamaza. Njooni hapa. Na wewe kijana wa bendi unayejisifu kwamba huumii, njoo upimwe leo.

Gitaa bado nalishika, kwa vidole vilivyobaki. Nyimbo zangu za zamani zina mapengo mengi siku hizi. Nikimaliza, Mama Bhoke huuchukua mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta damu. Mimi humtazama usoni, maana ndipo ninapojua kama nimeumia.