Kiondo Chekundu Ambacho Hakikutiwa Rangi

Mama yangu anaamini kuna aina moja tu ya fomu duniani, nayo ni ile ya viza. Fomu ya daktari wa meno, fomu ya maktaba, fomu ya shule inayouliza kama karanga zinanidhuru: zote, kwake, zimetungwa na afisa mmoja aliyejificha mahali akingoja ukosee akurudishe kwenu. Kwa hiyo mama ana kanuni. Swali likisikika vibaya, jibu ni hapana. Likisikika vizuri, jibu ni ndiyo. Ukiwa na shaka andika "haituhusu", kisha saini kwa mwandiko wa kupendeza.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuvusha salama mpaka Marekani, siwezi kuikejeli sana. Lakini mwaka jana, shule zilipofunguliwa, nusura itunyime Jumapili.

Jumapili zenyewe ni hivi. Mama anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na tangu tuhamie Hyattsville nikiwa na miaka tisa, Jumapili ilikuwa siku yake ya kazi. Alikuwa anaondoka na basi la kwanza kabla sijafungua jicho. Wenzangu wanalalamika kwamba mama zao wanawaburuta kanisani. Mimi nilikuwa najiburuta mwenyewe, kwa aibu, kwa sababu mapadri wana macho. Mama alikuwa ameapa mbele ya friji, mkono juu kama yuko mahakamani: siku akipata mteja mmoja wa kudumu wa vyondo, anaiacha ile shifti ya Jumapili.

Vyondo, vile vikapu vya mkonge, vinasukwa Ukambani na nyanya yangu na kikundi chake cha akina mama. Vinafika huku ndani ya masanduku ya watu wa kanisani wanaotoka likizo. Ukienda Kenya kuzika au kuoa, unarudi na vyondo vya mama yangu, hata kama hukumwambia unasafiri. Jumamosi anaviuza pamoja na mwenzake, mama mmoja wa Tanga ambaye mimi namwita Anti, kwenye viwanja vya makanisa, buti la gari la Anti likiwa wazi. Anti ni Mwislamu na anajua ratiba ya makanisa kuliko askofu.

Ndipo Jumamosi moja akaja mzungu mmoja mwenye ndevu na viatu vya wazi, na baridi ilikuwa imeshaanza. Akachukua kiondo chekundu, akakigeuza, akavuta mshono kwa kucha, halafu akakinusa.

"Huyu anataka kikapu au samaki?" Anti akaninong'oneza. Tangu hapo akawa anaitwa Bwana Makubazi.

Bwana Makubazi alikuwa na duka Arlington, la sabuni, kahawa na mitandio. Alisema anataka mzigo wa vyondo kila baada ya miezi mitatu. Mama akashika mlango wa gari asianguke. Nikaona Jumapili zinakuja zimepanga foleni. Halafu yule bwana akatoa karatasi nne kwenye mkoba wake.

"Ninaponunua lazima nijue kitu kimetoka wapi na kimetengenezwa vipi," akasema. "Wateja wangu wananiuliza, na mimi siwezi kuwajibu kwamba sijui."

Mama akaniangalia. Nilijua anachokiona: afisa.

Tuliijaza fomu hiyo mezani jikoni kesho yake jioni, mama, Anti na mimi. Mimi nilishika kalamu kwa sababu Kiingereza changu kina mikogo ya kwenye televisheni.

"Watengenezaji wanatumia rangi za namna gani?" nikasoma.

"Rangi ni kemikali," mama akasema. "Inasikika vibaya. Andika hapana."

"Mama, swali si la ndiyo na hapana."

"Andika: hatutumii rangi."

"Maji yaliyotumika yanamwagwa wapi?"

"Haituhusu. Kama hakuna rangi maji yatoke wapi?"

Lazima nikiri mantiki ilikuwa safi. Nikaendelea. "Je, kuna watoto wanaofanya kazi?"

"Hapana!" wakasema wote wawili, kama kwaya.

"Naandika ndiyo," nikasema. "Mimi. Sasa hivi. Na hata soda sijapewa."

"Wee mtoto, nitakuzaba kofi ulimeze na soda."

"Shoga, muache," Anti akasema huku akichovya andazi langu kwenye chai yake. "Huyu akinyamaza ataugua."

Fomu ilitaka pia picha za watu wakiwa kazini. Mama akampigia nyanya, na baada ya wiki picha ikafika kwa barua pepe kutoka kwa kijana wa saiberi, duka la intaneti, mjini Machakos. Tuliifungua kwenye kompyuta ya maktaba. Ikashuka polepole kutoka juu: kwanza mbingu, halafu vilemba, halafu nyuso zilizonuna kama za pasipoti. Akina mama wote wamekaa kwenye viti vya kukodi, wamevaa nguo za harusi, magoti pamoja. Picha ilipofika chini nikaziba mdomo kwa mkono mpaka mkutubi akanikazia macho. Kila mmoja alikuwa amepakata mkoba mweusi wa plastiki unaong'aa, wa dukani. Kiondo hata kimoja hakikuwepo.

"Wamependeza," mama akasema, na machozi yakamlenga. Kwao hakuna mtu anayepigwa picha na nguo za kazi. Picha ni ya kukumbukwa nayo, na nani anataka kukumbukwa amekunja sketi anasokota kamba kwenye paja? Mama aliona heshima. Mimi niliona mkutano wa wauzaji wa mikoba.

Tukavuka mto kwenda Arlington na gari la Anti, mama amevaa kitenge kipya na mimi nimebeba fomu kwenye bahasha kama cheti cha ndoa. Duka lilinukia mdalasini. Bwana Makubazi akatukaribisha kwenye vigoda, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakukuwa na tatizo popote. Kikundi cha nyanya hakikuwa na rangi, hakikuwa na maji machafu, hakikuwa na watoto, hakikuwa hata na malalamiko. Malaika tu, wanasuka.

Akainuka, akachukua kile kiondo alichokinunua siku ile, akakiweka mezani katikati yetu. Kilikuwa chekundu. Kwa kweli sijawahi kuona kitu kikiwa chekundu namna ile. Kilikuwa chekundu kama gari la zimamoto.

"Hapa mmeandika hamtumii rangi," akasema kwa upole.

Tukakitazama kiondo. Kiondo kikatutazama.

"Mkonge wa kwetu," Anti akaanza, "Mwenyezi Mungu ameujaalia..." Hapo nikacheka. Nilijaribu kukohoa lakini kicheko kilitokea puani, na mama akanifinya chini ya meza, pale pale alipokuwa akinifinya kanisani zamani.

Bwana Makubazi akachukua ile picha. "Na wasukaji wako wapi? Hawa ni wafadhili wao?"

Mama alikuwa ameweka mikono magotini, amekaa sawasawa kama wale wa kwenye picha, na kicheko kikaniisha. Nilielewa alikuwa anaiaga Jumapili yake.

"Sitaki majibu mazuri," yule bwana akasema. "Nataka ya kweli. Kila mahali ninaponunua kuna kitu hakiko sawa. Nikikijua, tunaanzia hapo. Nisipokijua, siwezi kununua." Akatupatia fomu nyingine, tupu, na wiki mbili.

Kwenye gari mama alisema, "Ametuita waongo."

"Ametuita waongo kwa adabu," Anti akasema, akitafuta barabara. "Na tulikuwa waongo, shoga. Mie mwenyewe nilikuwa naelekea kumsingizia Mungu."

"Ukisema ukweli kwenye fomu wanautumia kukumaliza."

"Mama," nikasema kutoka nyuma, "huyu ni muuza sabuni. Hawezi kukurudisha Machakos."

Tukavuka mto. Kisha mama akasema, "Nunua kadi ya simu."

Jumamosi asubuhi nikakwangua kadi, nikaweka simu kwenye spika, nikamuuliza nyanya maswali yote bila mama kuyapiga pasi kwanza. Nyanya alifurahi mno. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anavyofanya kazi. Watu humuuliza tu vyondo viko tayari lini.

"Rangi nyekundu tunanunua sokoni, ya unga," akapaza sauti, maana kwake Amerika ni mbali. "Ya kahawia ni magome na mizizi, hiyo mama yangu alinifundisha. Nyekundu ya magome inakataa kung'aa. Na mama yako anataka ing'ae!"

Mama akajifanya anapanga vijiko.

"Watoto je, nyanya?"

"Wanasokota kamba. Hata mama yako alisokota, tena vibaya."

"Wakati wa shule?"

"Mzigo ukiwa wa haraka... siku moja mbili. Mama yako akipiga simu anaharakisha, tunawaita."

Mama akaacha vijiko.

"Na maji ya rangi mnamwaga wapi?"

"Pale chini, kwenye mto."

Kwetu mto ni mchanga sehemu kubwa ya mwaka, maji unachimba. Unafukua kisima kidogo mchangani, unangoja yajae, unateka ya kunywa. Nilikuwa nimesahau. Mama hakuwa amesahau.

"Mtoni wapi, mama?" akauliza, akaisogelea simu. "Juu ya visima au chini?"

"Juu," nyanya akasema polepole, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe. "Kuna siku yalitoka ya waridi. Watoto walifurahi, wakasema ni juisi." Halafu akasema, "Ngai." Mungu wangu. Na kadi ikaisha.

Nilikuwa na mzaha tayari kuhusu juisi. Nikaumeza.

Tulinunua kadi nyingine, na nyingine. Kikundi kikakutana, tukasikia kikao chote kwenye spika, majogoo pamoja. Hakuna aliyeamrishwa. Wenyewe wakasema watachimba shimo la maji ya rangi kule juu, mbali na mto, walitandike mawe na mkaa wa kuchuja. Mpaka liishe, wanasuka vya kahawia na vyeupe tu. Mtoto hashiki mkonge kabla hajamaliza kazi za shule. Na mama yangu akapewa sharti lake: asiagize tena kitu cha wiki mbili. Kazi ya kiondo ina mwendo wake, na anayeharakisha ndiye anayemtoa mtoto darasani. Mama alisema "nimekubali" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia, na nilitamani ningekuwa na kinasa sauti.

Safari hii alijaza fomu kwa mkono wake. Aliandika rangi ya unga, aliandika mto, aliandika watoto siku moja mbili, na kwamba sasa ni baada ya kazi za shule. Mahali pengine akaandika "hatujui bado", kwa sababu kweli hatukujua unga ule una nini ndani. Kuhusu usafiri aliandika "masanduku ya waumini". Akaenda kujaza birika, na mimi kwenye nafasi ya maoni chini kabisa nikaandika haraka: Fomu ya kwanza ilijazwa na mtoto, bila soda.

Dukani Bwana Makubazi alisoma kwa muda mrefu. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Yule bwana alipofika mwisho akacheka mpaka ndevu zikatikisika, akamsomea mama yale maoni, na mimi nikaanza kupima umbali wa mlango. Kisha akasema anachukua vya kahawia na vyeupe, mzigo mdogo kwanza. Vyekundu vitangoja shimo. Tarehe ya mzigo apange nyanya. Na aletewe picha nyingine.

Anti alipiga kigelegele mle dukani mpaka mteja mmoja akadondosha sabuni. Mama alinikumbatia, na katikati ya kumbatio akanifinya kwa ajili ya yale maoni. Vyote viwili vilikuwa vya dhati.

Picha ya pili ililetwa na muumini mmoja aliyetoka kuzika. Nyanya amekunja sketi, kamba kwenye paja, ulimi nje kidogo kwa umakini, na nyuma yake kuna rundo la udongo wa shimo. Juu ya mpini wa koleo umening'inizwa ule mkoba mweusi, kuonyesha kwamba anao.

Mama aliiacha shifti. Jumapili ya kwanza saa mbili asubuhi mlango wangu ukafunguliwa, taa ikawashwa, blanketi likaondoka. Miaka yote nilipigania hizi Jumapili na hakuna aliyenionya kwamba mama angekuwa ndani yake. Tulienda kanisani. Aliimba sauti ya tatu na kumshinda mpiga kinanda. Tuliporudi akafungua furushi la mkonge ambalo nyanya alituma pamoja na picha, akaketi sakafuni, akakunja sketi, akaanza kusokota. Kweli, alisokota vibaya.

Nikaketi karibu yake, nikanyoosha mkono kuchukua nyuzi.

"Hesabu umemaliza?" akauliza bila kuinua macho.

"Zimebaki kidogo tu. Mama, ni uzi mmoja!"

"Weka chini," akasema. "Tuliandika kwenye fomu."