Ubavu wa Kulia

Juma lililopita nilikuwa hospitali moja hapa Mahajanga, nikimwangalia jirani yangu, walipomleta wodini mzee wa Nosy Be aliyetoka kupasuliwa ngiri. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea ukutani, na upande ule ndio kibla.

Mkewe alimtazama mumewe, akamtazama muuguzi.

"Mmemlaza hivi kwa nini?" aliuliza kwa Kingazija.

"Dawa ya usingizi haijamtoka, mama. Akilala chali ulimi unarudi nyuma, unaziba koo."

Kwetu mtu hulazwa hivyo na wenzake siku moja tu, kaburini. Tangu tupate uhuru mwaka juzi tunaambiwa tuwaamini vijana wetu hawa waliochukua nafasi za Wafaransa, lakini mama aliona wanamficha msiba. Muuguzi alipotoka tu, akamshika mumewe bega, akamgeuza chali.

Mzee akakoroma mara mbili, akanyamaza. Kifua kilihangaika, pumzi haikupita, midomo ikaanza kuwa myeusi. Nilipiga kelele. Muuguzi akarudi mbio, akaiinua taya, akamrudisha ubavuni. Pumzi ikaingia kwa mlio.

Mama aliomba radhi, ila kiganja chake hakikutoka mbele ya pua ya mumewe mpaka alasiri, mzee alipofumbua macho. Alijiona ameelekea kibla, akaiona tasbihi ya mkewe, akauliza taratibu:

"Mmeshanisalia?"

Muuguzi alisema kweli, nimeshuhudia. Hata hivyo nimewaagiza wa nyumbani: nikipasuliwa, nilazwe ubavu wa kushoto.