Anselmi na Hesabu ya Nusu Mto

Anselmi alikuwa fundi sanifu wa maji, na kati ya wote waliopunguzwa kazini serikalini mwaka ule, yeye peke yake aliondoka na ufundi ambao hakuna jirani aliyeuelewa. Alikuwa anaiga maji kwa kompyuta. Ukimuuliza, alikueleza hata ukajuta kuuliza: unayagawa maji katika vijimraba elfu kadhaa, kila kimoja unakipigia hesabu ya maji yanayoingia na yanayotoka, sekunde baada ya sekunde, mpaka mto mzima utiririke ndani ya mashine bila kulowesha meza.

Zama zilikuwa za soko huria, kila mtu na lwake. Mhandisi Godfrey, bosi wake wa zamani, alifungua kampuni ya usanifu mjini Morogoro akamchukua. Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa mfereji wa umwagiliaji huko milimani Uluguru, kijijini kwa akina mama yake Anselmi. Maji ya ziada yangefyatuka kwa kasi kupitia tundu la zege, yaingie kwenye dimbwi pana la kuyatuliza, ndipo yaende mtoni. Anselmi alitakiwa kuonyesha kwamba yatapita katikati ya dimbwi, mbali na kingo.

Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, na Godfrey alitaka majibu Ijumaa. Basi Anselmi akafanya wanachofanya wajuzi wenye haraka. Kwa kuwa dimbwi lilikuwa sawasawa kulia na kushoto, alikokotoa nusu tu ya maji, na nusu ya pili akaifanya kivuli cha ile ya kwanza. Picha ikatoka nzuri, maji yamenyooka kama uzi. Godfrey akamvisha kilemba cha ukoka, na zege likamwagwa.

Masika ya pili ukingo wa kushoto ukaporomoka, ukaondoka na sehemu kubwa ya shamba la Scholastika, mkulima wa kabichi na karoti, mdogo wa mama yake Anselmi. Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama, na aliyekabidhiwa akiipoteza amepata hasara na aibu pamoja.

Anselmi akatumwa kuandika ripoti ya chanzo. Alisimama juu ya tundu akatazama. Maji yalitoka tunduni yakainama, yakauganda ukingo wa kushoto yakiulamba, huku upande wa kulia majani makavu yakielea palepale. Aliporudi mjini alikokotoa dimbwi zima, kazi ya siku nne. Akaweka na kasoro ndogo mno, kijimraba kimoja cha kushoto kipungue kasi, maana zege la kweli halikosi kovu. Maji ya kwenye mashine nayo yakainama. Ile hesabu ya nusu isingemwonyesha hilo kamwe, kwa sababu ililazimisha kushoto kufanane na kulia.

Godfrey hakuamrisha kitu, mjanja yule. Alisema tu kwamba kuna mfereji mwingine unakuja karibu na Dumila, na kwamba wakulima wa milimani wanajulikana kwa kulima mpaka mdomoni mwa mto. Anselmi akaandika alichoandika. Ripoti ikapigwa mhuri, ikasomwa ofisi ya kijiji mbele ya watu wote, na yeye hakwenda kuisikia. Ukoo ukamnyang'anya Scholastika kipande kilichobaki, akapewa mwingine.

Mwaka mzima nafsi ilimsuta. Alikonda, akaacha kukomunika kanisani. Mimi simwonei huruma. Kukonda kwake hakukurudisha hata tuta moja.

Kisha siku moja Scholastika akaja mjini, nyumbani kwa Anselmi, mtaa wa Kilakala. Walipomaliza shikamoo na habari za wagonjwa wa kijijini, mama yule akasema alichokifuata.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Niliacha hatua kumi toka mtoni, na matete nilipanda. Niambie nilikosea wapi, nisije nikarudia."

Anselmi aliona aibu hata akashindwa kumtazama, lakini alimwambia yote: haraka, nusu ya maji, ripoti. Scholastika hakulia. Aliuliza kama maneno yale yaliyosomwa kijijini aliyatunga yeye mwenyewe, na Anselmi akakiri. Basi, alisema, njoo kijijini.

Alikwenda, baada ya kuacha kazi kwa Godfrey. Mbele ya mkutano akasoma ripoti mpya isiyo na mhuri, akaeleza kosa lake, akaomba radhi. Mjomba Bonifasi, mkuu wa ukoo, akatamka palepale kwamba kipande kitarudi kwa Scholastika. Watu wakashusha pumzi, na Anselmi akaanza kukunja karatasi zake. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, Scholastika akasimama.

"Isomwe na ile ya kwanza. Siku ile yeye hakuwepo."

Mwenyekiti akaitoa kwenye faili, akampa Anselmi. Akasoma, mbele ya mama zake na wajomba zake: "Chanzo cha maporomoko ni mkulima mmoja, Scholastika, mvivu wa kutunza kingo na asiyejali ardhi aliyoaminiwa." Sauti ilimfia njiani.

Scholastika alikuwa bado amesimama.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Anselmi akarudia.