Sauti ya Mke Mwema

Kazi yake ni kutia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Anajifungia kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, anakodolea macho midomo ya mke mwema kwenye skrini, kisha anamlilia mume wa watu, mguu mmoja kaupandisha kitini, mkononi kipande cha mkate.

Balaa liko nyumbani. Mama mkwe haikosi tamthilia ya huyo mke mwema hata siku moja. Jana alimkuta mwanawe jikoni anakoroga uji wa mtoto, akamwakia mkwewe.

"Mwenzio kwenye tamthilia, mumewe akirudi anampokea kwa magoti! Wewe umemgeuza mwanangu mpishi!"

"Mama, huyo mwenzangu ni mimi."

"Basi ongea kama yeye, tukusikie!"

Mkwe mtu akavuta pumzi, akailegeza sauti mpaka ikawa ileile inayowaliza majirani mtaa mzima.

"Mama yangu kipenzi, nisamehe, nakuomba..."

Mama mkwe, kwa mazoea tu, akashika ncha ya kanga kufuta machozi.

"...mwanao atapika leo, na kesho atapika," sauti ikaendelea, tamu vilevile. "Kule nalia kwa mshahara, mama. Hapa sipigi magoti bure."