Siku Niliyoazima Mtoto wa Hedimani

Kama mmewahi kusikia huko Ruiru habari za mwanamke aliyemkana mtoto wake mbele ya mkaguzi wa serikali, msiulize tena ni nani, ni mimi. Nimekaa na aibu hii miaka mingi nikitumaini watu wataisahau, lakini watu mliokaa nao kijiji kimoja husahau kukurudishia sufuria, aibu yako hawaisahau kamwe, basi afadhali niiseme mwenyewe, na niiseme na majina, maana wengine tulioshirikiana siku hiyo leo wanakaa viti vya mbele kanisani na wanaimba kumshinda mchungaji.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, Wazungu wakipigana na watu wetu wa msituni. Tulikuwa tumetolewa kwenye migongo ya vilima vyetu tukarundikwa katika kijiji kimoja kati ya Ruiru na Thika, nyumba zimebanana, handaki limezunguka pande zote na ndani yake miti iliyochongwa, magadi, yaani askari wa kijiji, wanalinda geti, na hakuna mtu wa kutoka bila pasi ya hedimani, mkuu tuliyewekewa na serikali. Hedimani wetu aliitwa Gathecha. Mke wake, Priscila, ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, na serikali ilikuwa inakipa chama hicho maziwa ya unga, mikebe mikubwa, tuwapikie watoto waliokonda, kila mtoto kikombe kimoja asubuhi. Mimi ndiye nilikuwa mpishi. Shule nilifika darasa la pili tu, lakini nilikuwa nimefanya kazi ya yaya kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, kwa hivyo nilijua kukoroga maziwa yasifanye madonge na nilijua kile Kiswahili chao cha kuvunjika.

Na kwa sababu niliyakoroga mimi, najua yalikuwa mepesi kiasi gani. Katika mikebe mitatu mmoja ulifika jikoni kwangu, miwili ikaenda kwa Priscila, akawanywesha ndama wake (ndama wale waling'aa manyoya hata ukipita hapo unatamani kuwa ndama). Nilijua, na nilinyamaza, na kila asubuhi niliongeza maji.

Mtoto wangu wa kwanza, Njeri, alikuwa na miaka mitatu. Baba yake alikuwa kizuizini. Njeri alikuwa anapata kikombe kama wenzake, lakini kile kikombe kilikuwa maji meupe tu, na miguu yake ikavimba, nywele zikageuka rangi ya ndevu za mahindi makavu, akaacha kucheza, akaacha hata kulia. Mara tatu nilikwenda kwa Gathecha kuomba pasi nimpeleke hospitali ya Thika, na mara tatu aliniambia handaki bado linaongezwa kina, hakuna wa kutoka kazini, na magonjwa ya watoto hupona yenyewe.

Ndipo habari ikaja kwamba mkaguzi wa serikali atatembelea vijiji vyote vinavyopewa maziwa. Ilisemekana kijiji kimoja cha upande wa Thika kilikutwa na watoto wembamba kama vijiti, na mkaguzi akauliza, "Maziwa yetu yanakwenda wapi?" Priscila hakulala. Asubuhi yake akanijia jikoni, akafunga mlango na mguu.

"Mama Njeri," akaniambia, "watoto wagonjwa wote watakaa nyumba ya kushonea na Cucu Wahu mpaka mgeni aende. Mbele tutaweka wale wazuri."

"Wazuri wako wapi?"

"Watoto wa magadi si wako? Na Wangari wangu. Wangari utamshika wewe, useme ni wako."

"Kwa nini usimshike mwenyewe?"

"Mwenyekiti aonyeshe mtoto wake? Mgeni atasema nini? Wewe unajua Kiswahili, unajua kujibu. Na nitazungumza na Baba Wangari juu ya ile pasi yako. Na mikebe miwili nitakupa. Mizima."

Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema siwezi, labda ningefukuzwa jikoni, basi. Lakini nilisikia pasi, nikasikia mikebe miwili, nikaona miguu ya Njeri imerudi kuwa miguu, nikasema sawa. Ni neno fupi sana hilo.

Siku ikafika. Njeri nikampeleka mwenyewe kwa Cucu Wahu, bibi mzee wa kijiji, nikamkalisha juu ya gunia, nikamwambia asitoke. Mimi nikavaa gauni la kuazima, nikakaa kwenye benchi la mbele nikiwa na Wangari mapajani. Nataka mpate picha hiyo. Mimi wakati ule nilikuwa mifupa na ngozi, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na huyo Wangari ni mtoto wa miaka miwili aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe na ndizi, mzito kama gunia la viazi, mashavu yanamziba macho. Paja langu likafa ganzi hata kabla mgeni hajashuka garini. Tena alikuwa hanitaki, ananivuta pua, ananipiga teke la tumbo, na mimi natabasamu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Ngai! Huyo mtoto amemla mama yake!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Mkaguzi alikuwa memsahibu, mama wa kizungu wa makamo, amevaa kofia, ameshika daftari, karani wake nyuma yake, na sitamsingizia, alikuwa na uso wa mtu mwema. Priscila akanikonyeza nianzishe wimbo wa kumkaribisha mgeni. Nikaimba (nilikuwa na sauti enzi hizo), wenzangu wakaitikia, mgeni akapiga makofi, kisha akaja moja kwa moja kwangu.

"Hii toto yako?"

"Ndiyo, memsahibu."

"Mzuri sana! Nakunywa maziwa yetu kila siku?"

"Kila siku, memsahibu."

Akaandika. Na akiwa bado anaandika nikasikia kitu kinanivuta gauni chini, nikatazama, ni Njeri. Cucu Wahu aliniambia baadaye kwamba mtoto alikuwa amelala kimya, ila aliposikia sauti yangu ikiimba aliinuka akatambaa, na yeye mzee akadhani anakwenda haja. Njeri alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Maitũ," akasema. Ndivyo sisi tunavyoita mama.

Memsahibu akainama. "Na hii nani?"

Nikajibu upesi, na ule upesi ndio unaniuma hadi leo, maana sikufikiri hata kidogo. "Wa jirani, memsahibu."

"Lakini naita wewe mama?"

Priscila akaingia kati, anacheka kwa adabu. "Memsahibu, sisi Waafrika kila mama ni mama wa watoto wote."

Ni kweli, ndivyo tulivyo, hata mimi nimelelewa na wanawake watano na wote niliwaita mama. Lakini siku hiyo tulilifanya jambo jema la watu wetu kuwa kifuniko cha sufuria chafu. Memsahibu alifurahi sana, akasema hayo ni maneno mazuri, akayaandika.

Kisha akataka kuona mtoto akinywa. Nikaletewa kikombe, na siku hiyo nilikuwa nimeyapika mazito kama uji, nikampelekea Wangari mdomoni. Sasa Wangari hajapata kuonja maziwa ya unga tangu azaliwe, hayo ni ya ndama kwao! Akayachukua kidogo, akakunja uso, akayatema yote shingoni mwangu, halafu akakipiga kikombe kofi kikanimwagikia gauni lote mpaka kwenye pindo. Watu wakaangua kicheko. Magadi walicheka, watoto walicheka, memsahibu naye akacheka, "Huyu nashiba sana!" na mimi niliyeloa nilicheka kuliko wote, ili ionekane ni mchezo wa mama na mtoto wake.

Njeri hakucheka. Alishika pindo la gauni langu kwa mikono miwili, akalitia mdomoni, akaanza kulinyonya.

Kicheko kikaisha kama mtu aliyefungiwa mlango. Memsahibu akampa karani daftari, akachuchumaa vumbini na sketi yake safi, akabonyeza mguu wa Njeri kwa kidole. Shimo likabaki. Akabonyeza tena, likabaki la pili.

"Hii toto mgonjwa sana," akasema. "Mimi nakwenda Thika sasa hivi. Natia yeye kwa gari, na mama yake, mpaka hospitali. Mama yake wapi?"

Gari lilikuwa pale pale, mlango umefunguliwa. Thika yenyewe, niliyoiombea pasi mara tatu.

"Mama yake wapi?" akauliza tena, akiwageukia watu.

Kijiji kizima kilijua. Kila mwanamke pale alikuwa amemwona Njeri mgongoni mwangu, na wote wakatazama chini, nami siwalaumu, kwa sababu Gathecha alikuwa amesimama akigonga buti lake kwa kiboko taratibu, tap, tap, na waume wa wengi wao walikuwa mikononi mwake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini nikawaza, nikisema mimi, nitakuwa mwongo mbele ya serikali, Wangari atajulikana ni wa nani, Gathecha atanivunja mbavu, na ile pasi sitaipata. Sikieni ujinga wa mtu mzima! Nawaza karatasi ya kunipeleka Thika, na gari la Thika limesimama hatua kumi kutoka kwangu linaningoja.

"Mama yake ameenda kuchimba handaki, memsahibu," Gathecha akasema. "Akirudi nitampa pasi."

"Kesho lazima."

"Kesho, memsahibu."

Njeri alikuwa bado na pindo mdomoni wakati gari linaondoka. Memsahibu alitupungia mkono.

Gari halijafika hata kwenye geti, Priscila akanipokonya Wangari. "Umeniharibia siku yangu, Mama Njeri. Mtoto mmoja tu unashindwa kumfungia?" Nikamwuliza habari ya pasi. Akasema, "Si umesema ni wa jirani? Huyo jirani na aje aombe." Mikebe miwili sikuiona mpaka leo.

Pasi nilipewa siku ya nne, wakati Njeri alikuwa hamezi tena. Nikamfunga mgongoni kukipambazuka, nikaenda kwa miguu nikipita mashamba ya mkonge, nikawa namwita kila hatua chache ili nisikie kama ataitika, naye alikuwa anaitika kwa kunikwaruza mgongo kidogo na ukucha. Hospitalini karani akauliza jina la mtoto, nikamwambia. Akauliza, "Mama yake ni nani?" Nikapiga kelele mpaka wagonjwa wakageuka, "Ni mimi! Mimi ndiye mama yake!" Karani akaniangalia, akasema, "Polepole, mama, hakuna aliyekataa."

Wale watu walifanya waliloweza. Njeri alikufa siku ya pili, asubuhi, nikiwa nje naanika kitambaa chake.

Baada ya wiki kadhaa barua ya serikali ikaletwa, Priscila akatukusanya, karani aliyeileta akaisoma. Ilisema mkaguzi ameridhika sana, watoto wa kijiji chetu, isipokuwa mmoja aliyekuwa mgonjwa, wana afya njema kuliko wa vijiji vyote alivyoona, chama kinapongezwa. Tukapiga makofi. Kisha akasoma mwisho wake, kwamba kwa kuwa hapa hakuna tena haja, maziwa yatapelekwa kwingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa amepiga makofi sana akauliza, "Kwa hivyo yatarudi lini?" Wale watoto tuliowafungia nyumba ya kushonea walikuwa tisa, na sitawaambia walibaki wangapi, mama zao wako hai na wanasoma haya.

Gathecha amekufa, alizikwa kwa heshima na hotuba ndefu. Priscila ana duka Ruiru, na tukikutana hunisalimu vizuri kabisa, "Habari, Mama Njeri?" kana kwamba jina hilo haliunguzi ulimi. Hao ni wawili. Wa tatu ni mimi, na nimeanza na mimi tangu juu huko, msiseme nimejificha.

Niliapa sitaazima mtoto tena wala kumficha mtoto kwa ajili ya mgeni yeyote. Mwaka jana chama chetu cha sasa, kinachosaidiwa na serikali kwa shule ya chekechea, kilisikia mkaguzi anakuja, wenzangu wakaanza kusema tukachukue watoto wa mtaa wa pili tujaze mabenchi. Niliwaambia kila benchi tupu libaki tupu, na anayetaka kulijaza apite juu yangu. Waliniita mkorofi. Sawa.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa karani mdogo wa kiume, mpole, akawa anaandika wanachama mmoja mmoja na watoto wao. Sisi kwa mila hatuhesabu watoto, ni mwiko, ukiulizwa unasema tu wapo, Mungu amesaidia. Mimi nikamwambia wanne.

Akatazama karatasi yake. "Mama, hapa nimeambiwa watatu."

"Andika wanne," nikamwambia. "Wa kwanza ni Njeri."

Nikasimama pale pale mpaka nikamwona ameandika.