Siku Nekesa Alipopiga Neti Mara Mbili

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona mchanga ukifunga mji mzima saa sita mchana, nimeona tajiri akilia kwa sababu ya paka, na niliingia nchi hii na begi moja la nailoni, lakini leo madereva saba wa nyumba tatu za mtaa wa Al-Malqa, hapa Riyadh, huniuliza mimi kwanza kabla hawajamuuliza kafili, yaani mwajiri wao. Darasa la mwisho nililokaa ni la sita. Hata hivyo nina vyumba kumi na viwili vya kupangisha kule nyumbani, vyote vya matofali, vyote vimejaa, na mmoja wa wapangaji wangu ni mwalimu mwenye digrii. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka huu kuna siku nilishangazwa hadi nikazima gari na kubaki nimeushika usukani kama mtu anayejifunza, mjue si kawaida yangu.

Ilianza na mlio. Kiganja kinapiga mpira, pa, kisha kimya cha pumzi moja, kisha filimbi.

Nilikuwa nampeleka Lulwa, binti wa bosi wangu, kwenye mazoezi yake ya voliboli. Ana miaka kumi na mitatu, huniita ammu, yaani baba mdogo, na huzungumza nami Kiarabu cha kwao kilichochanganyika na Kiingereza, mimi namjibu kwa vipande nilivyookota. Siku hiyo alikuwa kiti cha nyuma na tableti mapajani, anaangalia mashindano ya Ulaya ya wanawake, yale ya timu za mataifa. Waserbia walikuwa wanacheza na Waholanzi. Macho yangu yalikuwa barabarani, masikio yalikuwa nyuma. Gari lilijaa harufu ya udi na ngozi mpya ya viti, lakini ule mlio ulinirudishia harufu nyingine kabisa: jivu la jikoni lililonyunyiziwa maji, kwa sababu uwanja wetu wa shule tuliuchora mistari kwa jivu.

"Amepiga neti," Lulwa akasema. "Pointi kwa Waholanzi."

"Hapana, binti," nikamwambia. "Wamepoteza zamu ya kuanzisha tu. Hesabu haisogei."

Akacheka. "Mafi, hakuna kitu hicho, ammu. Kila mpira una pointi. Wewe ulicheza na mafirauni?"

Nikamwambia nilijua voliboli kabla mama yake hajajua kutembea.

"Basi ulijua ile ya zamani, mama yangu akiwa anatambaa. Yalla, ammu, taa imewaka kijani."

Nilimteremsha mlangoni, nikaegesha chini ya kivuli cha ukuta, na hapo ndipo nilipoanza kukumbuka. Nitawaeleza mambo yalivyokuwa, maana bila hivyo hamtaelewa nini kilinipata.

Zamani, na hili Lulwa halijui, timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa imeanzisha mpira yenyewe. Ukikosea kuanzisha, mpira ulikwenda kwa wapinzani na hesabu ikabaki palepale. Mechi zilikuwa ndefu kama mahubiri. Na katika tarafa yetu yote hakukuwa na mtu aliyeanzisha mpira kama dada yangu Nekesa. Alikuwa darasa la nane, mrefu, mikono mirefu kama ya mama. Alitanguliza mguu wa kushoto, akadundisha mpira mara tatu, akaurusha juu kuliko paa la ofisi ya mwalimu mkuu, na kile kiganja kikishuka, wasichana wa upande wa pili walikuwa wanafumba macho. Mpira wenyewe ulikuwa na viraka vya tyubu ya baiskeli, ukipaa ulikuwa unayumba kama mlevi, na hakuna aliyejua utaangukia wapi ila yeye.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na kujisifu nilianza hapo. Nilijisifia Nekesa shuleni, sokoni, kisimani. Nilikuwa na sababu. Baba alikuwa na fahali mmoja tu, mwekundu, na ndiye aliyekuwa karo yetu. Fainali ya tarafa ilikuwa karibu, na mkuu wa shule moja ya sekondari ya wasichana alikuwa ameahidi kuja kuitazama. Timu itakayoshinda, wachezaji wake bora angewachukua wasome bure. Baba alitupangia jambo hilo wazi wakati wa chakula. Nekesa akishinda, mpira utamsomesha yeye, na fahali atanisomesha mimi. Nekesa akishindwa, fahali ni wake kwa kuwa ndiye mkubwa, na mimi tutaona. Hilo neno "tutaona" nililielewa hata kwa akili ya miaka kumi na mmoja. Nilikuwa wa pili darasani, msidhani nilikuwa mjinga. Kila jioni nilimkatia yule fahali majani kama mtu anayelisha kitabu chake.

Mwalimu wa michezo alikuwa mtu wa kupendwa. Alisoma somo la kwanza kanisani, alivaa viatu vyeupe, na alipokuja nyumbani baba alimpa kiti chake mwenyewe. Alikuwa na desturi moja ambayo sisi watoto tuliihusudu: kila muhula alimchagua msichana mmoja wa kutunza ufunguo wa stoo ya mipira. Msichana huyo alikuwa anafungua stoo asubuhi, anafunga jioni wengine wakiisha kwenda, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Wiki ya fainali alipewa Nekesa. Nilimwomba anivalishe hata kidogo tu. Alinisukuma mpaka nikakaa chini, na nikaona ni maringo.

Siku ya fainali jua lilikuwa kali na mama alibaki nyumbani, akasema ana mahindi ya kupukuchua. Baba alikuja na koti. Yule mkuu wa shule alikalishwa chini ya mwavuli. Seti ya tatu, ya mwisho, tulifika kumi na nne kwa nane, tunahitaji pointi moja, na zamu ya kuanzisha ikawa ya Nekesa. Nilianza kushangilia kabla. Nikamwambia kijana aliyekuwa kando yangu atafute pa kujificha.

Nekesa aliudundisha mpira mara moja tu. Akasimama miguu ikiwa pamoja, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mpira ukaenda tumboni mwa neti.

Watu wakasema ni woga. Mpira ukaenda na kurudi, zamu zikazunguka, wenzake wakakosa kile kipointi kimoja, wapinzani wakapanda taratibu: tisa, kumi, kumi na mbili, kumi na tatu. Zamu ikamrudia. Nilisogea hadi kwenye mstari, jivu likaingia katikati ya vidole vyangu vya miguu. Nikamtazama miguu. Ilikuwa pamoja. Akanyanyua macho, akaniona ninavyoitazama, na bado akapiga neti, palepale pa mwanzo. Tukafungwa kumi na sita kwa kumi na nne.

Jioni nilimwendea baba zizini. Nikamwambia, "Baba, Nekesa amefanya makusudi. Ameiweka miguu pamoja." Baba hakuuliza mara mbili. Alimchapa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na Nekesa hakusema lolote, hata "nimekosa" hakusema. Mama alikuwa anasonga ugali. Nakumbuka mwiko haukusimama.

Fahali aliuzwa Januari. Nekesa alikwenda sekondari ya kutwa, mimi nikaongeza mwaka mmoja shuleni, kisha nikaenda kubeba matofali. Kila tofali nililobeba nililiita kwa jina lake. Watu husema umaskini ndio ulionifanya mwanamume, na mimi huwaacha waseme hivyo, lakini kilichonifanya ni hasira. Nilitaka aone kwamba aliponitupa sikuvunjika. Yeye pia alikuja huku Saudia, miaka mingi sasa, yuko Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, kwa madam mmoja ambaye wamezeeka pamoja. Tulikuwa tunapigiana simu. Tulizungumza juu ya mvua, vibali vya ikama, mazishi, nani kaoa. Voliboli hatukuitaja hata siku moja.

Basi nikiwa pale kivulini nilimpigia, na sababu yenyewe ilikuwa ya kitoto: nilitaka aniambie kwamba Lulwa amekosea.

"Huyo mtoto yuko sawa," Nekesa akasema. "Sheria ilibadilika zamani. Unawaangalia akina nani, Waserbia? Hata mimi nawaangalia, simu nimeiegemeza ukutani huku napiga pasi."

Nilikuwa sijui kwamba anaangalia. Akaniambia huwa haikosi michuano ya Ulaya, anawajua waanzishaji wote kwa namba, na yule aliyepiga neti ana bega bovu tangu mechi ya juzi.

Nikaona nafasi yangu. Nikasema kwa mzaha wenye miiba, "Labda amefanya makusudi. Kuna watu hufanya hivyo."

Nikasikia mvuke wa pasi.

"Huyu amekosea tu," akasema. "Huyu hana sababu."

"Na wewe ulikuwa nayo?"

"Wafula, tungeshinda tungepelekwa kambini wiki nzima kujiandaa kwa mkoa. Kulala shuleni, na mwalimu. Na ufunguo ulikuwa kwangu."

Akaendelea kwa sauti ileile ya mtu anayehesabu mashuka. "Msichana aliyekuwa nao kabla yangu aliniambia stoo ilikuwa inafungwa kwa ndani. Nilimwambia mama usiku ule wa kabla ya mechi. Mama akasema baba hataamini, mtu anayekalia kiti chake. Akasema, kesho mpira usivuke."

"Mama ndiye alisema?"

"Maneno hayo hayo. Usivuke."

"Na alijua fahali..."

"Alijua. Ndiyo maana hakuja uwanjani." Nikasikia akiweka pasi chini. "Nilirudisha ufunguo Jumatatu, nikasema nimepata jipu shingoni. Mwalimu akampa Jerusa. Unamkumbuka Jerusa. Na mimi sikumwambia Jerusa kitu. Halas, basi, madam ananiita."

Jerusa ninamkumbuka. Aliacha shule muhula wa pili, na sisi wavulana tulimtungia utani.

Lulwa alipotoka mazoezini alinikuta nimekaa hivyo hivyo. "Ammu, gari limeharibika?" Nikamwambia halijaharibika. Akaniambia Waserbia wameshinda, na mimi nikasema vizuri.

Nitawaambia kweli kilichoniuma kwanza, ingawa hakinipi sifa. Hakikuwa kile kisa cha stoo. Kilikuwa mama. Mama tulimzika miaka sita iliyopita, nami nilituma pesa ya jeneza lililokuwa zuri kuliko majeneza yote ya kijiji, na wakati wote huo alikuwa anajua. Aliniona nikitoka alfajiri na ngata kichwani. Aliniona nikimtukana Nekesa mbele ya wageni, akaniongezea mboga. Watu wawili ndani ya nyumba moja walikubaliana kuhusu maisha yangu na hakuna aliyekumbuka kuniambia, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Hilo la stoo lilinifikia siku ya pili yake, nikiwa naosha gari, na lilinifikia lote kwa pamoja, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni.

Nikakodi gari nikaenda Jeddah. Niliondoka Ijumaa alfajiri. Kutoka Riyadh hadi karibu na Taif nilikuwa natunga maneno makali ya kumwambia, na nilipoanza kuteremka mlima nikayaona hayafai, nikaanza kutunga mengine. Niliegesha nje ya ukuta wa madam wake saa tisa na nusu alasiri. Alitoka kwa mlango mdogo, abaya juu ya aproni, nywele zimeota mvi pembeni. Alikuwa na dakika ishirini kabla ya wageni kufika. Tukala wali na kuku ndani ya gari, kutoka sinia moja la foili, kwa mkono, kama zamani.

"Mimi ndiye niliyemwambia baba," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nyuma ya zizi, nilikusikia." Akang'oa nyama ya paja akaisukumia upande wangu. "Ulikuwa mtoto."

"Na mama?"

Alimaliza tonge lake kwanza.

"Mama hakuwa mtoto," akasema.

Nilikuwa mtoto aliyeona kila kitu uwanjani siku ile: miguu, mdundo mmoja, macho yake yakinyanyuka. Hakuna mwamuzi aliyeona nilivyoona mimi. Yale macho nilidhani yananidharau. Nilihitaji zaidi ya miaka thelathini, na binti wa bosi, na timu ya wanawake wa Ulaya wasionijua, ndipo nijue kwamba alikuwa ananitazama mimi na shule yangu kwa mara ya mwisho kabla ya kupiga.

Alifuta mikono, akafunga abaya. Tayari kengele ya ndani ilikuwa imelia. Akainamia dirishani.

"Ungepiga simu tu, Wafula. Umetumia pesa ngapi kuja hapa?"

Nikamwambia ni kidogo. Ninyi sitawaficha: gari la kukodi, petroli ya kwenda na kurudi, sinia la wali, faini ya kamera ya barabarani na siku mbili ambazo bosi alinikata, jumla riyali elfu moja na sitini na tano.